Kazadi Mwamba, golikipa wa Lubumbashi aliyechekwa bure

Huku Mulungwishi, kando ya barabara inayotoka Likasi kwenda Fungurume, watoto wakianza kugawana ekipe, kwanza wanachagua wale wanaojua mupira vizuri, kisha wale wenye mbio. Yule anayebaki bila kuchaguliwa njo wanamupeleka mu goli. Mawe mawili chini, mupira wa masashe uliofungwa na kamba, na mutoto muzaifu katikati ya mawe. Iko vile kila pahali mu Haut-Katanga, na nafikiri mu dunia yote. Lakini bazee wanakumbuka wakati ambapo watoto wa huku walikuwa wakigombana kusudi wakae mu goli, juu kila mumoja alitaka aitwe Kazadi. Vijana wa leo wanajua Kidiaba, wanajua na wale wa Ulaya ambao jezi zao zinauzwa mu soko. Kazadi hawamujui. Na wale wanaojua jina yake, wengi wanalijua kwa habari ya aibu tu: goli tisa za Yugoslavia. Kwa hiyo, ndugu musomaji, tuongee juu ya huyu mutu pole pole, tuone kama ile aibu ilikuwa yake kweli.

Robert Kazadi Mwamba alizaliwa tarehe 6 Machi 1947 ku Élisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi. Ilikuwa bado Kongo ya Wabelgiji. Muji ulikuwa umegawanyika: bazungu upande wao, watu weusi mu cité yao, na saa ya kurudi nyumbani ilijulikana. Mupira ulikuwa kati ya vitu vichache ambavyo mutoto wa cité aliweza kushinda navyo mbele ya macho ya watu wote.

Ekipe ambayo ilimufanya Kazadi ajulikane ilizaliwa mbele yake, mu mwaka wa 1939. Mapadri Wabenedikti wa shule ya Saint-Boniface walitafuta kazi ya kuwapa vijana wao kusudi wasizunguke ovyo, wakaanzisha ekipe ya mupira. Kwanza iliitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, na mwisho ikachukua jina ya kampuni moja ya matairi, Englebert. Mwaka ule ule wa 1939, upande wa watu wa reli kulitokea Saint-Éloi Lupopo. Tangu siku zile Katanga imegawanyika mara mbili, nyeusi na nyeupe upande mumoja, buluu na manjano upande mwingine. Sisi wa Mulungwishi tunakaa juu ya reli inayotoka Likasi kwenda Tenke, kwa hiyo si ajabu kusikia mzee wa reli anakuambia mpaka leo kwamba yeye ni wa Lupopo na atakufa wa Lupopo. Hata ule mzee ukimutajia Kazadi, ananyamaza kidogo, kisha anakubali kwa kichwa.

Kazadi alikuwa na miaka 13 wakati uhuru ulifika, na siku chache nyuma yake Katanga ikajitenga. Ujana wake ulipita kati ya mabendera mawili na sauti ya bunduki. Mu mwezi wa tisa 1961 vita vilifika paka Jadotville, ndio Likasi yetu, pale askari Wairlandi wa ONU walizungukwa kwa siku kadhaa, wakashikwa. Mu mwezi wa kwanza 1963 kujitenga kukaisha. Watu walibaki wamechoka, wengine wamekimbia, wengine wanaogopana. Mu ile hali njo mupira ulirudi kuwa kitu kikubwa, labda kikubwa kuliko namna ilivyofaa. Mutu hakuweza kusema wazi mambo ya siasa, lakini ku stade aliweza kulia na kupiga kelele paka sauti ikauke, na hakuna mutu wa kumuuliza.

Mu mwaka wa 1966 Englebert ilimaliza shampiona bila kupoteza hata matche moja. Ile njo sababu ya kuitwa Tout Puissant, jina ambalo wapinzani wanalichukia paka leo. Mwaka wa kufuata walitoka inje, mu kombe ya Afrika ya ekipe bingwa. Finali ilikuwa na Asante Kotoko ya Kumasi. Leo tunazoea kusikia kwamba Mazembe ni tajiri na ina ndege yake, na tunasahau kwamba siku zile ilikuwa ekipe ndogo mbele ya Waghana. Ghana ilikuwa imeshinda kombe ya mataifa ya Afrika mara mbili, mu 1963 na 1965, na walitutazama sawa vile mukubwa anavyomutazama mudogo. Kumasi ilikuwa 1 kwa 1. Kinshasa ikawa 2 kwa 2. Hakuna mushindi. Wakubwa wa mupira wa Afrika wakasema matche ya tatu itachezwa Yaoundé, Kameruni. Englebert wakafika. Kotoko hawakuonekana, juu wakubwa wa mupira ku Ghana hawakuwaambia vizuri. Kombe ikarudi Lubumbashi kwa namna hiyo.

Bado kuko watu wanaosema kombe ya 1967 ilikuwa ya bure. Mimi siwezi kukubali. Mutu ambaye hakupoteza mara mbili mbele ya Kotoko hakupewa zawadi. Na tena, mwaka wa 1968 Englebert walishinda Étoile Filante ya Lomé goli 5 kwa 0 mu matche ya kwanza ya finali, wakaenda Togo wakapigwa 4 kwa 1, na kombe ikabaki kwao. Hakuna ekipe ingine ya Afrika iliyokuwa imeshinda ile kombe mara mbili kufuatana mbele yao. Wakafika finali tena mara mbili: waliangushwa na Ismaily ya Misri mwanzo wa 1970, kisha wakaangushwa na wale wale Kotoko ku Kinshasa. Finali inne, miaka inne kufuatana.

Ile Kotoko iliyolipiza kisasi ilikuwa na golikipa anaitwa Robert, sawa na wetu: Robert Mensah, mwenye kofia yake ambayo watu walisema ina dawa ndani. Mu mwezi wa 11 mwaka wa 1971 alichomwa na chupa iliyovunjika mu ugomvi wa baa ku Tema, akafa. Nataja ile habari kwa sababu inaonyesha namna watu wa Afrika walivyomuona golikipa mu miaka ile. Mushambuliaji akifunga goli, wanasema anajua mupira. Golikipa akizuia, wanasema ana dawa. Na siku akikosa, hawasemi dawa imeisha, wanasema ameuza matche. Kazadi naye aliishi chini ya ule muzani. Uwanja ulikuwa vumbi na mawe, magolikipa wengi walikuwa wanadaka mupira na mikono mitupu, na nyuma ya goli kulikuwa watu elfu nyingi ambao kila mumoja aliamini angeweza kufanya vizuri kuliko yeye.

Sasa tuingie ku ekipe ya taifa. Mobutu, alipokamata inchi, aliona haraka kwamba mupira unaweza kumusaidia. Aliwarudisha wachezaji Wakongo waliokuwa wanacheza ku Ubelgiji, ekipe ikaacha jina ya Lions ikaitwa Léopards, chui, sawa vile kofia yake. Mu mwezi wa kwanza 1968 wakaenda Addis-Abeba kwa kombe ya mataifa, na mwalimu wao Ferenc Csanádi, mutu wa Hungaria. Kazadi alikuwa na miaka 20 tu. Mu kundi yao, Ghana iliwapiga 2 kwa 1. Watu wakasema basi, mambo ni yale yale. Lakini wakashinda Kongo-Brazzaville na Senegal, wakaangusha Waethiopia kwao 3 kwa 2 nyuma ya dakika za kuongeza, na tarehe 21 wakaikuta Ghana tena mu finali. Pierre Kalala, wa Englebert yeye pia, alipiga goli moja. Kazi ingine yote ilikuwa kulinda ile goli moja paka mwisho, mbele ya ekipe ambayo haikuzoea kupotezea Wakongo. Na ililindwa. 1 kwa 0. Ndio kombe ya kwanza ya Afrika ya inchi yetu, na golikipa wake alikuwa kijana wa Lubumbashi.

Ninajaribu kufikiri ile ilikuwa maana gani kwa watu wa huku. Union Minière ilikuwa imechukuliwa na serikali mwaka mumoja mbele yake, mu 1967. Watu wa Likasi, wa Panda na Shituru, walikuwa wanaamka asubuhi wakiwa watumishi wa kampuni yenye jina mupya lakini yenye sirène ile ile. Mutu aliweza kuwa na mushahara mudogo, nyumba ndogo ya kambi, mukubwa wa kazi anayemutukana. Siku ya pili ya ile finali aliingia ku kazi na kichwa juu. Hakuongezewa hata franga moja. Lakini alikuwa ameshinda Ghana.

Miaka ikapita. Mu 1971 inchi ikaitwa Zaïre, watu wakaacha majina ya kizungu, Robert akabaki Kazadi Mwamba, na Englebert ikawa Mazembe. Mu 1973 gazeti France Football ya Paris ilipochagua muchezaji bora wa Afrika, wa kwanza alikuwa Tshimen Bwanga, beki wa Mazembe, na wa pili Kazadi Mwamba, golikipa wa Mazembe. Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire, ambaye Afrika yote ilimuogopa, alikuwa wa tatu. Someni tena: wa kwanza na wa pili wa bara nzima, wote wawili wa ekipe moja ya Lubumbashi, na wote wawili watu wa kuzuia, hakuna mufungaji goli kati yao. Ilibidi kungojea 1979 paka golikipa mumoja, Thomas N'Kono wa Kameruni, achukue ile nafasi ya kwanza. Kazadi alikuwa amekaribia miaka sita mbele yake.

Mwaka ule ule Léopards walikuwa wanatafuta njia ya kwenda kombe ya dunia ku Ujerumani. Walishinda Zambia kwao Lusaka, wakaishinda tena ku Kinshasa, wakaipiga Morocco 3 kwa 0, na Morocco wakakataa kucheza matche ya kurudiana. Zaïre ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika kombe ya dunia. Mobutu akatoa nyumba na motokari kwa kila muchezaji.

Mu mwezi wa tatu 1974 wakaenda kwanza Misri kwa kombe ya Afrika. Mu nusu-finali Misri ilikuwa mbele 2 kwa 0, kwao Cairo, na watu wao wanaimba. Léopards wakarudisha, wakashinda 3 kwa 2. Finali ilikuwa na Zambia, jirani zetu wa Copperbelt, watu ambao tunavuka Kasumbalesa kwenda kuzika kwao nao wanakuja kuzika kwetu. Ilienda paka dakika ya mwisho ya kuongeza, Zambia wakasawazisha, 2 kwa 2. Siku zile hakukuwa penalti za kuamua, kwa hiyo walirudia matche siku mbili nyuma yake, ku stade karibu tupu, na Zaïre wakashinda 2 kwa 0. Goli zote inne za zile matche mbili zilipigwa na Ndaye Mulamba, kijana aliyezaliwa Luluabourg, na mu kombe yote alipiga 9, hesabu ambayo paka leo hakuna mutu aliyeipita. Kazadi akawa bingwa wa Afrika mara ya pili, miaka sita nyuma ya Addis-Abeba.

Basi tufike ku Ujerumani, mu mwezi wa sita 1974. Hapa njo nataka tukae kidogo, juu hapa njo jina ya Kazadi iliharibiwa.

Watu wanasimulia ile kombe ya dunia sawa kichekesho: Wakongo walienda, wakapigwa, wakarudi. Lakini matche ya kwanza, tarehe 14 ku Dortmund na Scotland, haikuwa kichekesho. Scotland walikuwa na wachezaji wakubwa wa shampiona ya Uingereza, na walifikiri watapiga goli kama vile mutu anavyookota maembe chini ya muti. Walipiga mbili, Lorimer na Jordan, zote mbele ya mapumziko. Kipindi cha pili hawakupata kitu. 2 kwa 0. Hizo goli mbili mtazikumbuka, tutazirudia.

Kati ya matche ya kwanza na ya pili, wachezaji walijua kwamba franga walizoahidiwa hazitafika. Viongozi waliokuja nao ku Ujerumani walikuwa wengi, na mifuko yao ilikuwa mirefu. Wachezaji wakataka wasicheze. Walisukumwa paka wakaingia uwanjani, lakini roho zao hazikuingia. Tarehe 18, ku Gelsenkirchen, Yugoslavia walipiga goli tatu mu dakika 18. Mu dakika ya 21 Kazadi akatolewa. Hakuumia. Mahali pake akaingia Tubilandu Ndimbi wa Vita Club, mutu mufupi kwa golikipa, na mupira wa kwanza aliougusa ulikuwa ule wa kuokota mu nyavu, goli ya inne. Na juu ya hapo, muamuzi akamupa Ndaye kadi nyekundu kwa kosa ya mwenzake. Iliisha 9 kwa 0.

Mwalimu alikuwa Blagoje Vidinić, Muyugoslavia. Watu wakasema ameuzia inchi yake matche. Ukitaka kumuchukia Vidinić, ni rahisi sana. Lakini yeye mwenyewe alikuwa golikipa, alidakia Yugoslavia na alishinda Olimpiki ya Roma 1960, alijua vizuri kwamba kumutoa golikipa dakika ya 21 ni kuivunja ekipe. Nyuma ya miaka alieleza kwamba amri ilitoka kwa mutu wa wizara aliyekuwa nyuma yake. Mimi ninaamini ile maelezo kuliko ile ya kuuza. Mu Zaïre ya 1974, mutu wa wizara akisema, mwalimu hajibu. Kwa vyovyote, hesabu ni hii: kati ya goli tisa, Kazadi alipata tatu. Sita zilipatikana yeye akiwa amekaa ku banki. Na watu waliomucheka miaka 20 walimupa zote tisa.

Nyuma ya ile aibu, wachezaji wamesimulia kwamba askari wa presida walikuja ku hoteli, wakafunga milango, wakawaambia kwamba wakipotezea Brazil zaidi ya goli tatu, wasifikiri kurudi nyumbani. Fikiri mutu anayekaa mu goli na ile neno mu kichwa. Mbele yake iko Brazil, bingwa wa dunia wa 1970, na Jairzinho na Rivelino. Kazadi akarudishwa mu goli, tarehe 22, ku Gelsenkirchen tena.

Brazil walikuwa na shida yao. Walikuwa wametoka 0 kwa 0 na Yugoslavia, 0 kwa 0 na Scotland. Ili wapite, walihitaji kuipiga Zaïre kwa tofauti ya goli tatu, juu Scotland ilikuwa na tofauti ya mbili tu, zile mbili za Dortmund. Jairzinho akapiga mu dakika ya 12. Kisha karibu saa nzima hakuna kitu. Rivelino akapiga mu dakika ya 66. Na mu dakika ya 79 Valdomiro alitokea upande wa kuume, pembeni kabisa, pahali ambapo mupira haupaswi kuingia, akapiga shuti ya chini. Kazadi alianguka vizuri, mikono yake ilikuwa tayari, na mupira ukapita chini ya mwili wake. 3 kwa 0.

Ile mupira iliipitisha Brazil na kuiondoa Scotland, ekipe ambayo haikupoteza hata matche moja mu ile kombe ya dunia. Ku Scotland bazee wanaikumbuka paka leo. Sasa piga hesabu upande mwingine. Kama ile siku ya kwanza Kazadi na mabeki wake wangeachia Scotland goli inne au tano, sawa vile kila mutu alivyongojea, Scotland wangepita bila wasiwasi. Na kama ile shuti ya Valdomiro ingebaki mu mikono, bingwa wa dunia angerudi nyumbani. Ekipe ambayo watu wanasema ilienda kuchekesha njo iliamua nani apite mu lile kundi, na iliamuliwa ndani ya mikono ya mutoto mumoja wa Lubumbashi. Aliwafungia Waskoti mulango, akauacha wazi kidogo kwa Wabrazil.

Je, aliuacha kusudi? Kuko watu ambao wanauliza hivyo, na ninaona ni ulizo baya. Golikipa anayejua kwamba goli ya inne inaweza kumuua hawezi kucheza na goli ya tatu. Alikosa, basi. Golikipa wote wanakosa. Mwenzake Ilunga Mwepu, wa Mazembe yeye pia, alitoka mu ukuta akapiga mupira mbali kabla Wabrazil hawajapiga kufu yao, na dunia nzima inaonyesha ile picha kila miaka minne na kucheka. Hakuna anayeonyesha wanaume wenye woga wa kufa wanaotafuta kupoteza dakika.

Walirudi Kinshasa bila ngoma. Wale ambao mu mwezi wa tatu walipita mu barabara juu ya motokari, watu wakiwarushia maua, mu mwezi wa saba walipita kimya. Mobutu akaacha kuupenda mupira. Mwaka ule ule, mu mwezi wa kumi, alipata kitu kingine cha kuonyesha dunia, ngumi za Muhammad Ali na George Foreman. Na wachezaji walikatazwa kwenda kucheza Ulaya. Jambo hili vijana wanapashwa kulijua: yule golikipa wa pili bora wa Afrika, sawa angekuwa wa wakati huu, angekuwa na contrat ku Ufaransa au Ubelgiji. Yeye alibaki hapa, na inchi iliendelea kushuka pamoja naye.

Tena iko jambo lingine ambalo sitaki kuliruka. Ukisoma majina ya wale waliobeba makombe ya 1967 na 1968, utakuta majina ya Katanga na majina ya Kasai mu mustari mumoja, na jezi ni moja. Mu 1992 na 1993, mu muji wetu wa Likasi na ku Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao. Maelfu walilala ku gare siku nyingi, wengine wakafia pale, wakingoja treni. Zile treni zilipita hapa Mulungwishi kwenda Tenke na Kamina. Kati ya wale waliokuwa ku gare kulikuwa hakika watu waliolia kwa furaha siku moja na wale waliokuwa wanawafukuza, mbele ya redio moja, wakati Léopards waliishinda Ghana. Mupira haukuweza kuzuia kitu. Sisemi kwamba ungepashwa kuzuia. Nasema tu kwamba vilifanyika na watu wale wale.

Ndaye Mulamba, mufungaji wa goli 9, mu 1994 alialikwa Tunis kupewa heshima, na aliporudi watu wenye bunduki walimushambulia wakitafuta utajiri ambao hakuwa nao. Wakamupiga risasi, mutoto wake akafa. Alikimbilia Afrika ya Kusini, na mu 1998 walisimama kimya dakika moja kwa ajili yake mu kombe ya Afrika ku Burkina Faso, wakidhani amekufa, kumbe anaishi Cape Town na kazi ndogo ndogo. Alikufa kweli mu 2019.

Kazadi hakupata hata ile makosa ya kusikia anaombolezwa angali hai. Alikufa mu mwaka wa 1996, akiwa bado hajamaliza miaka 50. Mazembe ilikuwa chini kabisa, haikuwa imeshinda shampiona ya Afrika tangu 1968. Miezi ile ile vita vilikuwa vinaanza Mashariki, na mwaka wa kufuata Mobutu akakimbia. Nani angekuwa na wakati wa kumulilia golikipa?

Mazembe ilipata uongozi mupya mu 1997, na kidogo kidogo ikainuka. Mu 2009 ikashinda Afrika, mu 2010 tena, mara mbili kufuatana sawa vile mu siku za Englebert. Mu mwezi wa 12 mwaka wa 2010, ku Abu Dhabi, ikaipiga Pachuca ya Meksiko 1 kwa 0, kisha Internacional ya Brazil 2 kwa 0, goli za Kabangu na Kaluyituka, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia ya vilabu. Inter ya Milano ikaishinda 3 kwa 0, lakini hakuna mutu aliyecheka. Mu goli alikuwa Muteba Kidiaba, anayeruka na matako yake chini kila wakati wenzake wakifunga. Matche mbili, Wameksiko na Wabrazil, hakuna goli iliyoingia. Ile siku ya tarehe 14, huku kwetu, watoto wote walikuwa wanaruka mu vumbi na matako, mama zao wanapiga kelele juu ya suruali.

Bazee wachache waliokuwa wanawatazama walianza kubishana kama Kidiaba anamupita Kazadi. Mumoja alisema mukubwa ni yule anayeshinda Wabrazil. Mwingine akamuuliza kama Kidiaba alidaka na askari wanamungoja ku hoteli. Wakabishana paka giza ikaingia, na hawajaelewana bado.